Gacheri na Chakula cha Komando

Asubuhi yetu ya mwisho ilikuwa asubuhi tu. Upepo wa Isiolo ulikuwa umeamka kabla yetu, na vumbi limeshaingia chini ya mlango. Gacheri alichemsha chai. Akaniangalia, akasema, "Baba Kendi, sweta umeivaa ndani nje." Nikaigeuza. Tukanywa chai. Tukaenda sokoni, yeye mbele, mimi nyuma na ufunguo. Akauza mpaka jioni, tukarudi, akalala. Hakuamka.

Ningejua, ningekunywa ile chai polepole.

Binti yetu Kendi ndiye anashika kalamu. Mimi nasema, yeye anaandika. Mimi sikusoma. Nilibeba miraa pale stendi mpaka mgongo ukakataa. Gacheri naye hakusoma akiwa mtoto. Huko kwetu milimani msichana alikuwa wa kuni na wa kuchunga wadogo zake. Alisoma uzeeni, ngumbaru, darasa la watu wazima, wakati tuna wajukuu tayari. Alikuwa akirudi na chaki kwenye vidole, akishika kikombe cha chai kinabaki na alama nyeupe. Nilikuwa nacheka. Sasa nikiona kikombe safi, sicheki.

Kibanda chetu kiliuza chakula cha mifugo. Pumba, chumvi ya ng'ombe, chakula cha kuku. Halafu watu wakaanza kujenga nyumba za geti, na wenye geti wakataka mbwa, na mbwa wakataka chakula. Wafugaji wa huku Leparua nao walikuwa na mbwa wa kulinda mbuzi. Basi Gacheri akaleta chakula cha mbwa.

Wengine sokoni walikuwa wanamwaga gunia kwenye ndoo, mteja anapimiwa kwa mkebe. Ukiangalia ndani unaona vidonge vya kahawia, basi. Gacheri hakumwaga. Alikuwa anauza kutoka kwa gunia lenyewe, mdomo ameukunja kama mkono wa shati, maandishi yanaangalia njia. Gunia likiisha, anakata lebo kwa kisu na kuitundika kwa msumari. Aliniambia mtu akinunua kwa mkebe ana haki ya lebo sawa na yule wa gunia zima.

Lebo alikuwa anaisoma pole, kidole kikitembea. Alijifunza kwamba vitu vinaandikwa kwa uzito, kile kingi kinatangulia. Alinieleza kwa njia ya kwetu. "Ni kama wazee wakienda kuposa," akasema. "Anayetajwa kwanza ndiye mwenye safari. Yule wa mwisho amebeba kibuyu tu."

Mahali pengine palimsumbua. Kulikuwa na neno majivu. Hata mimi nilishangaa, nikamuuliza kama hao watu wanazoa jiko. Alimngoja daktari wa mifugo apite, akamuuliza. Daktari akamwambia ni kile kinachobaki chakula kikichomwa, na kikiwa kingi sana, huenda mifupa ni mingi kuliko nyama. Gacheri akafurahi siku nzima. Kila mteja aliambiwa habari ya majivu, hata yule wa chakula cha kuku.

Jirani yetu wa kibanda alikuwa Mwongera, mtu wa mdomo, mtu mzuri. Yeye aliuza gunia la bei ya chini lenye picha ya paja la nyama na nyota tano chini yake.

"Mama Kendi," alikuwa anamwita, "yako iko na nyota ngapi?"

"Hakuna."

"Basi hiyo ni giza!"

Siku moja Gacheri akavuka, akainama kwa lile gunia. "Mwongera, hizi nyota ni nani ameweka?"

"Si ni kampuni?"

"Hii hii imetengeneza chakula?"

"Hiyo hiyo."

"Basi ni kama mtoto ajisahihishie mtihani. Hata wewe ungepita."

Soko lote likacheka. Mwongera akacheka kuliko wote.

Sasa Batula. Batula alikuwa mjane, Msomali wa zile familia za zamani za hapa mjini, babu yake alikuwa askari wa mzungu. Mumewe aliendesha lori, akafa, akamwachia boma la mbuzi kwenye njia ya kwenda Leparua. Batula alikuwa na mbwa anaitwa Komando. Hakumshika, dini yake haitaki mate ya mbwa, lakini alimheshimu. Alimmwagia chakula kwa mkebe wenye mpini mrefu na kumsalimia kwa mbali kama mzee wa mtaa. Usiku fisi walikuwa wanakuja mpaka kwa ua la miiba. Komando ndiye aliyewarudisha. Bila Komando, Batula hana mbuzi. Bila mbuzi, Batula hana kitu.

Mwaka ule wa ukame mkubwa, Batula alikuja kibandani uso umekunjamana.

"Salaam aleikum, Mama Kendi."

"Aleikum salaam, Batula. Keti."

"Sikai. Niambie haki ya Mungu. Hii chakula iko nguruwe ndani?"

Shemeji yake Elmi, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa anamsaidia na pesa za boma. Alikuwa amesikia watu wakisema magunia ya mbwa yana nguruwe. Akamwambia Batula, pesa yangu hainunui nguruwe, hata ya mbwa. Akampa mpaka siku ya mnada wa mifugo. Kama chakula hakijulikani, Komando anapelekwa Oldonyiro kwa mtu mwingine.

Gacheri akaweka kidole kwa lebo. Akasoma. Akarudia. Ilisema nyama na mazao ya wanyama. Haikusema mnyama gani.

Mimi nilikuwa nimekaa kwa kiti cha nyuma. Nilijua mteja ni Batula, wa miaka mingi. Neno moja tu, hapana, lingetosha.

"Batula," akasema, "sijui. Hii karatasi imesema mnyama, haikusema jina lake."

"Si unasoma?"

"Nasoma. Lakini siwezi kusoma kile hawajaandika."

Akapiga simu kwa namba iliyokuwa kwa gunia. Kijana mmoja akajibu, "Ni nyama tu, mama." Gacheri akamuuliza, "Nyama ya nani?" Kijana akasema atauliza. Hakupiga tena.

Batula akavuka kwa Mwongera. Mwongera akaapa mbele ya watu wote kwamba lake halina nguruwe hata unywele. Batula akanunua. Jioni hiyo Gacheri alipika ugali ukaungua, na yeye hakuwa mtu wa kuunguza ugali.

Siku zilipita, Batula akarudi. Komando anakula anamaliza, akasema, lakini mbavu zinahesabika. Fisi alikuwa amechukua mwana-mbuzi, na Komando alibweka tu akiwa amelala. Mnada ulikuwa umekaribia.

Gacheri akaenda kusoma gunia la Mwongera kwa sauti. Mahindi. Pumba ya ngano. Soya. Chumvi. Na mwisho, ladha ya nyama.

Akarudi, akamshika Batula mkono. "Mwongera hakukudanganya. Nguruwe hakuna. Lakini hata mbuzi hakuna, ng'ombe hakuna, kuku hakuna. Umebisha hodi nyumba haina mtu."

"Na hii ladha?"

"Ladha ni harufu ya mgeni ameshaenda."

Batula alicheka, halafu akalia. Nilitazama barabara, nikaacha wanawake walie.

Asubuhi iliyofuata Gacheri alinituma machinjioni. Hapa kwetu anayechinja ni Mwislamu, anataja jina la Mungu kwa kila mnyama, na wote tunajua ni nani. Siku hiyo ni Robow. Nilileta mapafu ya mbuzi na ini kidogo. Mifupa hakutaka. Alisema mfupa uliopikwa unapasuka kama kijiti, unaweza kumtoboa mbwa. Vitunguu hakutaka, chumvi hakutaka. Akachukua omena, wale dagaa wadogo, akaosha. Unga wa mahindi akaweka kidogo, maana hata mbwa wa hapa anaelewa ugali.

Kabla ya kupika alitia kila kitu kwa mizani ya kibanda, kimoja kimoja. Halafu akaniambia nilete jagi la maji, akalipima pia.

"Maji ya nini kwa mizani?" nikamuuliza.

"Si yanaingia kwa sufuria?"

Maji ndiyo yaliyozidi vyote kwa uzito. Alipomaliza akakata karatasi ya gunia la simiti, akachukua kalamu nene ya Kendi, akaandika kwa herufi kubwa. Herufi zake zilikuwa zimesimama wima, kila moja imejitenga, kama watu wasiojuana kwenye foleni. Kendi anazikumbuka zilivyokuwa. MAJI. MAPAFU YA MBUZI. UNGA YA MAHINDI. OMENA. INI KIDOGO. CHUMVI HAKUNA. IMEPIKWA LEO. MACHINJIO NI YA ISIOLO, MCHINJAJI NI ROBOW.

Mwongera alikuja kusoma, akashika kiuno.

"Jameni! Mama Kendi ameanza kuuza maji! Mbwa si wanakunywa bure kwa mtaro?"

Watu wakaja. Mwingine akauliza kama kuna maji ya paka. Nilisikia aibu kidogo, nikamwambia kwa Kimeru polepole, weka mapafu mbele, ni nani atajua. Aliniangalia vile alikuwa ananiangalia nikirudi nyumbani na viatu vya matope.

Batula alinunua. Alilipa, akabeba kwa ndoo yenye kifuniko, karatasi imefungwa juu kwa uzi. Kila asubuhi Gacheri alipika, kila asubuhi akapima upya, na kila asubuhi akaandika upya, kwa sababu siku nyingine mapafu yalikuwa machache na omena ikapanda juu yake. Nilimwambia mpangilio ubaki ule ule, karatasi ni ghali. Akasema chakula cha jana si cha leo.

Komando alianza kusimama. Kwanza alisimama kula. Halafu akasimama mtu akipita. Usiku mmoja Batula akasikia miiba inavunjika, na Komando akatoka kama jiwe kutoka kwa kombeo. Asubuhi mbuzi walikuwa wote. Batula alikuja kutuambia kabla hata hajanywa chai, kitambaa cha kichwa kimekaa upande.

Lakini Elmi alikuwa bado hajasema.

Siku ya mnada alikuja. Mtu mrefu, ndevu zimepakwa hina, amechoka na jua na kelele za ng'ombe. Batula alikuwa nyuma yake, mikono ameishika pamoja. Mwongera aliacha wateja wake akasogea. Gacheri alikuwa anakoroga sufuria. Alifuta mikono, akawasalimia, akampa Elmi ile karatasi ya siku hiyo.

Elmi alisoma yote. Alisoma tena jina la Robow.

"Robow huyu tunayemjua?"

"Huyo."

"Alichinja leo?"

"Baba Kendi alikuwa hapo."

Elmi akanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa, nikamwambia nilimsikia akitaja jina la Mungu. Elmi akakunja karatasi, akaiweka kwa mfuko wa kifua.

"Komando abaki," akamwambia Batula kwa Kiswahili, ili sote tusikie.

Batula alikaa chini palepale kwa gunia la pumba. Mwongera akapiga makofi. Gacheri akarudi kwa sufuria yake, maana ilikuwa inataka kushika chini.

Elmi hakuondoka. Alisimama akitazama mvuke, akitabasamu kidogo. Akasema, "Mama, mimi ni mfanyabiashara. Kuna kitu sielewi. Mtu akiuza kitu anatanguliza kizuri. Wewe umetanguliza maji, watu wakacheka. Kwa nini?"

Gacheri hakuinua macho kutoka kwa mwiko. Nilikuwa karibu naye, Kendi pia alikuwepo, tumeulizana mara nyingi na tumekubaliana kila neno. Alisema hivi:

"Mbwa hawezi kusoma. Batula hawezi kusoma. Huyu mzee wangu hawezi kusoma. Sasa hii karatasi ikidanganya, ni nani kati yao ataijibu?"