Mkwe Chini ya Buldoza

Kufanya kazi na baba mkwe ni mtihani. Wangu mimi ndiye fundi wa buldoza ninaloendesha pale dampo. Kila likigoma, mzee wa watu analala chali kwenye maji ya taka, nami nimesimama pembeni na "Pole, baba" zangu. Basi. Mkwe huwezi kumfokea, hata akiwa na funza kwenye kola.

Wenzangu wanamwita Meno. Mafundi wengine husikiliza injini kwa masikio; yeye hung'ata mpini wa bisibisi, ncha anaigusisha kwenye injini, anafumba macho. "Nozeli ya tatu," anasema, na kweli ndiyo hiyo. Wanadhani ni mbwembwe. Mbwembwe gani! Mke wangu alinipasulia ukweli: masikio ya baba yamekufa, mlio anaupata kwa mifupa ya taya. Na bosi wetu mpya ameshatangaza kwamba asiyesikia honi hana kazi dampo. Sasa mzee bila mitambo atakuwa nani? Nikafunga domo langu.

Juzi asubuhi, mvua imetoka kunyesha, buldoza likakohoa na kuzima katikati ya uozo. Inzi ndio usiseme. Mkwe akaingia chini, akabakiza miguu tu nje. Mara huyu hapa bosi, buti zinang'aa.

"Mzee, tatizo nini?"

Chini kule spana inagonga tu.

"Mzee!"

"Akiwa kazini haongei, bosi," nikadakia. Uongo mtupu, akiwa kazini hanyamazi hata dakika.

Hapo hapo lori la taka likaanza kurudi nyuma, honi inalia, moja kwa moja kuelekea ile miguu. Watu wakapiga mayowe. Miguu haikutikisika. Jamani! Mimi ambaye hata kumpa mkono mkwe huwa nainama, nikamdaka vifundo, nikamburuta kwenye tope kama gunia. Lori likapanda juu ya sanduku lake la vifaa, pale pale ilipokuwa miguu, likasimama.

Mzee akakaa kitako, uchafu unamchuruzika. "We! Una wazimu?" Kisha akaliona lori. Halafu akamwona bosi.

Bosi akasema neno, taratibu, tena kwa upole. Mzee akanigeukia.

"Anasemaje?"

Ili asikie ilibidi nimpigie kelele, mkwe wangu, mbele za watu. Nikaweka mdomo sikioni pake. "Anasema hii ndiyo kazi yako ya mwisho, baba!"

"Hee?"

Nikarudia, safari hii machozi yananitoka.

Akaitikia kwa kichwa. Akaokota spana, akaifuta kwenye shati langu.

"Haya, ngoja niimalize basi. Wewe simama hapo nyuma, wasije wakanikanyaga."

Akarudi chini.