Mataruma Yaliyotolewa Chini ya Gru

Nimefanya kazi na wapumbavu wengi kwenye shantye za ujenzi za Lubumbashi, lakini yule mkubwa wetu wa kofia nyeupe aliwashinda wote. Saruji hakuijua hata kwa harufu. Akiona tope mbele yake, alikuwa tayari kuzunguka jengo zima asije akachafua viatu.

Mimi nilikuwa mtu wa ishara. Nilisimama chini na kumwonyesha dereva wa gru, ile mashine ya kunyanyua mizigo, kwa mikono: nyanyua, shusha, simama. Dereva mwenyewe alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Gru yetu ilisimama kwa miguu minne ya chuma, na msimu wa mvua udongo wetu mwekundu unalainika kabisa. Kwa hiyo chini ya kila mguu tulipanga mataruma, zile mbao nene za reli, ili isizame ikapinduka na dereva ndani.

Jumamosi moja wageni wakubwa walikuwa wanakuja kuangalia boriti ya kwanza ya paa ikipandishwa. Nilipofika asubuhi, mataruma hayapo. Unajua yalikwenda wapi? Jamani, yalikuwa yamejengewa jukwaa! Juu yake zulia jekundu, na juu ya zulia viti vya kung'aa. Chini ya miguu ya gru bwana mkubwa alikuwa ametandika vibao vya masanduku.

"Patron," nikamwambia, "gru itaanguka. Itamuua shemeji yangu."

"Padiri ameisha kuibariki," akajibu, wala hakunitazama. "Na udongo iko nguvu. Unaogopa nini?"

Lo! Mimi ni Mkatoliki, na baba yangu, mtu wa reli, alinipeleka kubatizwa kabla sijaota jino. Lakini sijasikia padiri hata mmoja akisema maji ya baraka yanakausha tope.

Nikamwendea shemeji, nikamwambia ashuke.

"Nikishuka, Jumatatu batatia mwingine kwa kiti yangu," akasema. "Na dada yako iko na mimba ya miezi munane."

Akawasha mashine, akangoja mkono wangu. Nikaitia mikono yote miwili mfukoni. Basi mkubwa akajitokeza mwenyewe mbele ya simu za wageni zilizokuwa zinapiga picha, akaanza kupungapunga kama anaita teksi. Ishara hata moja hakuijua, mjinga yule! Shemeji aliogopa kupoteza kazi, akavuta. Kamba ya chuma ikakazika, boriti ikaachana na ardhi kidogo, na nikaona mguu mmoja wa gru unaanza kuingia udongoni.

Niliruka jukwaani, nikabeba kiti kimoja cha kung'aa, nikakiweka kwenye tope, pale pale boriti ilipokuwa ipite. Nikakaa. Shemeji akasimamisha mashine.

"Toka pale, mujinga weye!" mkubwa akapiga kelele.

"Si umesema udongo iko nguvu, patron? Kuya basi tuikale babili."

Kicheko kikapita kwenye jukwaa. Mzee mmoja katika wageni akasema kwa sauti, "Eh, chefu, nenda basi, ukae naye!"

Mkubwa akatazama boriti. Akatazama tope. Akapiga hatua moja, kisha akarudi nyuma, akajifanya anajibu simu ambayo haikuwa imelia. Mtu aliyetaka shemeji yangu akae ndani ya ile mashine! Nilimdharau siku ile kuliko nilivyowahi kumdharau mtu yeyote, na bado namdharau.

Shemeji akaishusha boriti polepole, akazima, akateremka. Mguu wa gru ulikuwa umezama kina cha mkono hadi kwenye kiwiko. Kabla wageni hawajamaliza soda zao, sote wawili tulikuwa tumefukuzwa. Sikuomba msamaha. Mtu wa namna ile humwombi kitu.

Jioni dada yangu alitupakulia bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akaketi, akaanza kulia. Alilia kwa uchungu, mikono juu ya tumbo. "Kazi imekufa," akawa anasema. "Kazi imekufa, tutafanya namna gani?" Sikumnyamazisha. Nilimwacha alilie kazi hadi achoke, na mume wake mzima pale mbele yake anamsogezea sahani, anaomba aongezewe.