Picha ya Baba Mkwe Kutoka Migombani

Hata leo naiona siku ile nilipochagua lenzi yangu ya kwanza, mwanangu, na kila nikiikumbuka naumia. Jana ulinionyesha kwenye simu kamera ya dijitali unayoitaka, pamoja na lenzi mbili, moja fupi na nyingine ndefu kama mchi, ukanibembeleza nikuchangie hiyo ndefu. Nikakurudishia simu yako, nawe ukadhani mama yako amekuwa bahili. Sogea hapa nikueleze.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipoachiwa huru, maduka ya Kyela mjini yakaanza kujaa vitu ambavyo tulikuwa tunavisikia tu kwa wasafiri. Mimi nilikuwa nimeolewa karibuni, nafanya kazi ya kupiga picha kwa Mzee Haruni, mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka pwani. Mbele aliuza vitambaa, nyuma ya pazia ndiko kulikuwa na studio. Nilipiga picha za pasipoti, za kipaimara, za maharusi waliokakamaa kama wamekamatwa na polisi. Nilikuwa hodari, na ubaya ni kwamba nilijua.

Babu yako, yaani baba mkwe wangu, aliishi kijijini Ngana na kakao zake na migomba yake. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua, na katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kupigwa picha. Baba yako alikuwa akilala akiamka na neno hilo moja, kwamba mzee asije akaondoka bila kutuachia sura yake. Aliyepaswa kuipiga ni mimi, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na ni mimi nisiyeweza. Unajua mila yetu. Mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Nikienda Ngana nilipita nyuma, moja kwa moja hadi jikoni, khanga kichwani, na nikisikia kikohozi chake njiani nilijibanza vichakani mpaka apite. Salamu zake zilinifikia kwa mdomo wa mama mkwe. Siku zote alisema niambiwe ndaga, yaani asante, kwa mchele niliomletea. Sauti yake niliijua, uso wake niliujua kwa kuibia.

Mzee Haruni alipoleta kamera za mtumba, akiba yangu ilitosha kamera moja na lenzi moja. Akaziweka juu ya meza, fupi na ndefu. Akanieleza taratibu, kama baba, kwamba ile fupi ina mdomo mpana, inameza mwanga hata ndani ya nyumba zetu zenye giza, na hata siku za mawingu, ambazo Kyela ndizo nyingi.

"Chukua hii, binti," akasema. "Siku ya picha ya mkweo, panga kila kitu wewe, kisha mpe mumeo abonyeze."

Nilicheka. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa bingwa wa kukata watu vichwa. Kila picha aliyopiga ilikuwa ya mashati na mikanda. Lakini si hilo tu, mwanangu. Sikutaka mkono wa mtu mwingine kwenye kamera yangu. Nilijiambia kwamba kwa lenzi ndefu nitakaa mbali migombani, mzee hataniona, mila haitavunjwa, na picha itakuwa yangu mwenyewe. Nikabeba ile ndefu. Njia nzima watu waliigeukia, nami nikatembea polepole ili waitazame vizuri.

Siku nilipokwenda Ngana mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, ikapumzika kidogo mchana. Sikumwambia mtu. Nilijipenyeza migombani nyuma ya uwanja, nikachuchumaa kwenye tope, nikainua kamera. Babu yako alikuwa barazani. Nikashangaa kumwona ananyanyuka, anaingia ndani, anatoka amevaa koti lake la kanisani. Akabeba kigoda chake mpaka katikati ya uwanja, akaketi ameelekea migomba. Nikasema moyoni, bahati ya namna gani hii. Nikabonyeza. Mikono ilikuwa inatetemeka kwa woga, na mwanga ulikuwa hafifu. Nikabonyeza tena na tena, manyunyu yakaanza, naye bado ameketi tu, ametulia. Mkanda wa filamu ulipokwisha nikarudi nyuma kimyakimya, nikaondoka zangu mjini nikiwa na furaha tele.

Mkanda ulipelekwa Mbeya kwa basi kusafishwa. Kabla haujarudi, babu yako akafariki.

Picha zikaja wakati wa matanga. Lenzi ndefu husogeza uso wa mtu karibu, lakini husogeza na mtetemeko wa mkono, na ile yangu ilikuwa na mdomo mwembamba usiopata mwanga wa kutosha chini ya mawingu. Kila picha ilikuwa ukungu mtupu. Unaona koti, unaona weupe mahali pa uso, basi. Baba yako aliishika moja, akapitisha kidole pale penye weupe, akanirudishia. Afadhali angenitukana.

Nilimpelekea mama mkwe picha hizo jikoni, nikampigia magoti nikilia, nikamweleza nilivyojificha. Akanifuta uso kwa pembe ya khanga yake.

"Alikuona migombani na kamera yako," akasema. "Ndiyo maana alidai koti. Manyunyu yalipoanza nikamwita aingie ndani. Akanikatalia. Akasema, ngoja kwanza, mkamwana hajamaliza."

Mwanangu, nililia mpaka wanawake wengine wakadhani nimefiwa upya. Mzee alikuwa ananipa uso wake kwa njia pekee niliyomwachia, analowa kwa ajili yangu, nami nilidhani namwibia. Mama mkwe akaniambia pia kwamba ningesema mapema, kamera ingewekwa juu ya stuli barazani, baba yako abonyeze, nami niwe nyuma ya mlango namwelekeza. Picha ingekuwapo. Ungeijua pua ya babu yako, maana ndiyo hiyo uliyo nayo, na hakuna mahali pa kukuonyesha.

Basi nakwambia. Anza na lenzi fupi yenye mdomo mpana. Watu wetu wanaishi kwenye vyumba vyenye giza, chini ya mawingu mengi, na watakaokuita watataka uwe chumbani pamoja nao. Hiyo ndefu utanunua baadaye, ukishajua ya nini. Usichague lenzi ili watu wakugeukie barabarani. Kabla ya kufungua mfuko wa kamera waulize wale utakaowapiga picha, uwaambie unataka nini kwao, na usione haya kumpa mwingine abonyeze pale mkono wako hauruhusiwi. Hiyo fupi nitakuchangia, tena kwa moyo mweupe.

Mungu akubariki, mwanangu. Akutulizie mikono, akupe macho mema, na yeyote atakayekaa mbele yako kwa upendo, akukute unajua kwamba anakungoja.