Bi Tulia na Stendi ya Pili

Walimwita Bi Tulia kwa sababu neno hilo ndilo alilowaambia watu wote waliokaa mbele ya kamera yake. "Tulia," angesema, ameinama kana kwamba anachungulia kisimani. "Hupigwi sindano, unapigwa picha." Mtu akicheka, uso ukilegea, yeye alikuwa ameshafyatua.

Kamera yenyewe ilikuwa ya filamu pana, nzito kama tofali, ya kutazamwa kwa juu, na picha zake zilitoka za mraba. Alikuwa nayo tangu ujana. Aliishikilia tumboni, mkanda umekaza shingoni, pumzi ameibana, na hakuwahi kutumia stendi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Stendi, alikuwa akisema, ni za watu wa video.

Kisha mikono ikaanza. Kwanza kikombe kiligonga kisahani bila kuambiwa. Halafu uzi ukakataa kuingia kwenye sindano, na mwisho picha zikaanza kutoka na ukungu. Daktari alimshika viganja, akamwambia anyooshe vidole, akavitazama vikicheza.

"Mtetemeko huu hautakuua, mama," alisema. "Ila hautakuacha. Vidonge vitaupunguza kidogo tu."

Mtaani hawakukawia. Bi Tulia mwenyewe hatulii, walisema. Aliposikia alicheka pamoja nao, kisha akaingia ndani, akafunga mlango, na kicheko kikakatika.

Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyoachiwa na baba yao, yeye na kaka yake mkubwa. Kaka alikuwa karani mstaafu, mtu wa shati lililopigwa pasi hata akienda kununua mkate. Alikuja, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mdogo wangu, umefanya kazi vya kutosha," alisema. "Pumzika. Chumba hiki tukipangishe, kuna kijana anataka kuuza vifaa vya simu."

"Nikichoka nitakwambia mwenyewe, kaka."

"Na utabebaje vyombo vyote hivi? Nani atakubebea?"

Swali hilo la mwisho alilala nalo. Kesho yake alikwenda kutafuta stendi.

Mwenye duka la kamera alikuwa mzee mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Alimtolea stendi mbili. Moja ilikuwa ya kaboni, nyembamba, unainyanyua kwa kidole, na juu yake kichwa cha gololi: unalegeza kitasa kimoja, kamera inageuka kokote. Nyingine ilikuwa ya alumini, miguu minene, na kichwa chake kilikuwa na mikono mitatu ya kukazia, mmoja kwa kila upande.

"Kwa kamera kama yako ningechukua hii nzito," mzee alisema. "Ukilegeza mkono mmoja, mingine inabaki imekaza. Hicho cha gololi ukikilegeza, kamera yote inakuangukia."

Bi Tulia alimsikia vizuri. Lakini alipoitazama ile nzito ni kama alimwona kaka yake pembeni akiuliza nani atakubebea. "Nipe hiyo nyepesi," alisema. "Miguu yangu ingali mizima."

"Sijasema miguu, mama."

"Nipe nyepesi."

Kazi ya kwanza ilitoka kwa mama mwenye karakana ya kushona nguo. Walikuwa wanahama jengo, naye alitaka picha ya washonaji wote wakiwa kwenye vyerehani vyao vya zamani. Karakana ilikuwa na dirisha moja na mwanga hafifu, hivyo kamera ilibidi iache jicho lake wazi kwa muda mrefu kidogo. Bi Tulia alitandaza miguu ya stendi, akapandisha kamera, akalegeza kitasa ili ainamishe kidogo. Kamera ikaanguka mbele kama mtu aliyeshikwa na usingizi, na stendi nzima ikaifuata. Mshonaji wa mbele aliidaka kwa aproni yake.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi. Aliisimamisha tena, akasogea kando, akafyatua kwa waya mrefu wa kufyatulia.

Filamu aliisafisha mwenyewe, katika bafu aliloligeuza chumba cha giza. Alipozianika picha, kila mshonaji alikuwa na pua mbili.

Kaka aliziona kwenye kamba. Laiti angesimanga, lakini alizungumza kwa upole. "Si kosa lako," alisema. "Ni mikono tu." Siku iliyofuata alileta fundi seremala apime ukuta kwa ajili ya rafu za duka.

Bi Tulia alikaa kwenye kiti cha wateja akitazama utepe ukivutwa kutoka kona hadi kona. Alikuwa karibu kukubali. Tayari alikuwa akiwaza ampe nani mapazia ya studio, na ile kamera aiweke wapi isiingie vumbi. Ni mikono tu, alijiambia, akajaribu kuizoea sentensi hiyo. Ndipo alipokwama. Mikono gani? Alikuwa amesimama kando. Waya ulikuwa mrefu na umelegea. Mikono yake haikuigusa kamera hata kidogo.

"Fundi," alisema akiinuka, "pima mpaka uridhike, lakini usikate ubao wowote."

Fundi alipoondoka alibandika ukurasa wa gazeti ukutani. Alilipiga picha gazeti akiwa ameweka kamera juu ya stendi, kisha akalipiga tena kamera ikiwa juu ya kizingiti cha saruji cha dirisha, mara zote mbili kwa waya. Halafu akafyatua mara nyingine huku kiganja kimegusa mguu wa stendi. Kioo kilichomo ndani ya kamera kiliruka kuupisha mwanga, kikagonga kwa kishindo kidogo, na ule mguu mwembamba ukavuma kama uzi wa gitaa.

Picha za saruji zilisomeka mpaka maandishi madogo ya matangazo. Za stendi, herufi zilikuwa zinacheza ngoma. Bi Tulia alizitazama chini ya kioo cha kukuzia, akazitazama tena, akasema peke yake bafuni, "Kumbe."

Alirudi dukani na kamera begani.

"Siku ile nilichagua kwa hasira," alimwambia mzee kabla hajafungua kinywa.

"Na leo?"

"Leo hasira bado ninayo, ila nimekuja na kamera."

Mzee aliivaa miwani yake. Walizipandisha stendi zote mbili mlangoni. Bi Tulia aliiweka kamera juu ya ile nyepesi, akaugonga mguu kwa kifundo cha kidole, akaitazama kwa juu: bango la duka la ng'ambo ya barabara lilitetemeka, likaendelea kutetemeka. Kwenye ile ya alumini lilishtuka mara moja likanyamaza. Kisha akajaribu kichwa. Ile mikono mitatu aliikamata kwa ngumi nzima, na ngumi yake ilikuwa bado na nguvu. Haikuhitaji ustadi wa vidole. Alilegeza mmoja, kamera ikainama kidogo tu, ikabaki hapo.

"Na usiinyanyue hii nguzo ya katikati ya kuongezea urefu," mzee alisema. "Ukiinyanyua umerudi kule kule kwenye kutetemeka."

Safari hii alisikia na akafuata, akaondoka na ile nzito.

Kubeba ilikuwa kazi kweli. Aliifunga stendi kwa kamba kwenye fremu ya sanduku la magurudumu, akaiburuta barabarani kwa kelele ambazo ziliwafanya watu wachungulie madirishani. Waliotaka kumpokea aliwashukuru akaendelea kuburuta. Njiani alipumzika mara kadhaa, akiwa ameegemea ukuta kama anayemsubiri mtu.

Karakanani washonaji walikaa tena kwenye vyerehani. "Tulieni," alisema, akauminya waya kwa ngumi. Katika picha zile uliweza kuhesabu pini kwenye mito ya sindano, na yule aliyeidaka kamera alionekana akizuia kicheko.

Kaka alizitazama moja baada ya nyingine. "Na mikono ikizidi?" aliuliza.

"Nitafyatua kwa meno."

Kaka alijizuia, akashindwa, akacheka. Yule kijana wa vifaa vya simu akatafutiwa chumba kwingine.

Mikono ilizidi kweli. Siku hizi mshonaji wa ile aproni huja kumwekea filamu ndani ya kamera, maana vidole vya Bi Tulia haviwezi tena kuipenyeza. Kikombe anakishika kwa viganja viwili. Kaka husema popote anapokwenda kwamba dada yake ni mbishi wa kuzaliwa, naye dada akiulizwa hakatai. Anamwonyesha mteja kiti, anamwambia aweke mabega sawa, kisha anashika mkono wa kwanza wa kichwa cha stendi na kuukaza.