Namba Iliyoendelea Kujibu

Marehemu baba hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Mama, kwa kuwa jina nililopewa ni la mama yake, na kwetu Mbeere jina si nguo kuukuu anayovikwa mtoto. Mwenye jina hurudi nalo. Kaka yangu, kifungua mimba, alipewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo baba alimwita Baba. Nyumbani kwetu, upande wa Gachoka, ungemsikia mzee mwenye mvi akimwambia kijana wa kaptula, "Baba, wafungulie mbuzi," na kama wewe ni mtu wa huko usingeinua hata kichwa.

Naanza na majina kwa sababu bila hayo, yaliyotokea ofisini kwetu mjini Embu katika miaka ya mwisho ya tisini yangebaki kuwa kisa cha simu mbovu.

Babu alipofariki, kaka alikuwa masomoni Ulaya, katika nchi ya theluji. Hakuja mazishini. Aliandika kwamba alikuwa na mitihani, na barua yenyewe ikafika matanga yamekwisha. Baba aliisoma akiwa amesimama, akaenda hadi kaburini, ambako udongo ulikuwa bado mwekundu, akasema mbele ya wazee wenzake: "Asiyekuja kumzika mwenye jina lake, mkono wake usiguse udongo wangu." Neno la aina hiyo kwetu huitwa kirumi. Halifutwi na majuto, wala haliozi kwa miaka. Aliyelitamka hulirudisha kwa kinywa chake mwenyewe, naye aliyetamkiwa huitikia kwa kinywa chake, wote wawili wakiwa hai. La sivyo hukaa pale lilipowekwa.

Lilikaa miaka mingi. Kaka alimaliza masomo, akapata kazi huko huko, na kila alipotaka kuja likizo alipata sababu ya kutokuja. Kisha moyo wa baba ukaanza kuchoka. Daktari alinieleza kwa upole kwamba tusipange mambo ya mbali. Asubuhi moja baba aliingia ofisini bila kutuma habari, akaketi kwenye kiti cha wageni, akangoja pumzi imrudie.

"Mama," akasema, "nataka kuongea na Baba kabla sijalala."

Hilo lingekuwa jambo jepesi kama tungekuwa na namba ya simu ya kaka. Hatukuwa nayo. Alikuwa amehama, na barua niliyomwandikia ilirudi na muhuri wa posta ya kigeni. Njia pekee iliyobaki kati yetu ilikuwa barua pepe.

Ofisi yetu ilikuwa ya mradi wa maji na mbegu wa kanisa. Tulikuwa na kompyuta moja, na modemu ya rangi ya maziwa yaliyoganda iliyounganishwa na waya wa simu. Shirika moja la hisani la Nairobi lilikuwa limetupa huduma ya barua pepe bila malipo, sisi pamoja na shule na zahanati kadhaa. Hatukuwa na mtandao kama watu wanavyouelewa leo. Kila jioni kompyuta yetu iliipigia simu mashine yao. Mashine hizo mbili zikasalimiana kwa makelele, zikabadilishana barua, zikakata. Barua zetu ziliendelea na safari kutoka huko, na zilizotumwa kwetu zilitungoja huko hadi jioni iliyofuata. Sikuwahi kumwona mtu yeyote wa shirika lile. Niliijua namba yao kama ninavyoijua njia ya kwetu.

Baba alitaka kuona jinsi barua inavyokwenda, kwa hiyo alikaa hadi jioni. Barua yenyewe ilikuwa fupi: baba ni mgonjwa, anataka kulirudisha neno lile, piga simu ofisini kwetu siku yoyote asubuhi, namba ni hii. Modemu ikapiga. Kukawa na ukimya, kisha upande wa pili ukaanza kulia.

"Nani huyo?" baba akauliza.

"Ni mashine ya Nairobi. Inasalimiana na yetu."

"Inasalimiana kama mbuzi aliyeshikwa shingo."

Mhasibu wetu, mtu wa Runyenjes aliyependa mzaha, akacheka pale mezani kwake. "Mzee, hiyo ndiyo lugha ya wasomi. Ndiyo ulimlipia huyu karo ajifunze."

Baba hakucheka. Alinikumbusha jambo ambalo bibi alitufundisha sote: ukiitwa jioni na humwoni anayekuita, usiitike, subiri akuite tena kwa jina, umjue ni nani. "Sasa wewe," akasema, "unaita gizani, kitu kinakuitikia, na papo hapo unakipa jina la mtoto wangu."

Nilimjibu kama anavyojibu mtu mwenye shahada, kwa maelezo marefu. Alinisikiliza hadi mwisho. "Sawa, Mama," akasema.

Jioni zilizofuata hapakuwa na jibu. Kisha shirika likatuletea tangazo: wafadhili wamejitoa, huduma itafungwa mwisho wa mwezi, wateja watafute njia nyingine, asanteni kwa ushirikiano. Nilimwandikia kaka mara mbili zaidi kabla ya siku hiyo. Mwezi ukaisha. Jioni ya kwanza ya mwezi mpya niliketi mbele ya kompyuta kama mtu aliyekwenda kutazama nyumba ya jirani aliyehama, nikaipiga namba ile bila tumaini.

Ikajibu.

Ililia kilio chake kile kile, ikaitambua kompyuta yetu, ikaichukua barua yangu, na kwenye kioo likatokea neno la kila siku: imepokelewa. Haikutuletea barua hata moja. Nilijiambia kwamba pengine walikuwa wameongezewa muda. Nikaandika tena kesho yake, ikapokea. Kesho kutwa, ikapokea. Mradi mzima ulikuwa na barua za kutuma, za mbegu, za pampu, na zote zilipokelewa, na hakuna aliyejibiwa na yeyote.

"Ukiona taa inawaka dukani," mhasibu aliniambia, "haimaanishi mwenye duka yumo."

"Mbona inachukua barua?"

"Hata shimo huchukua."

Nilipiga simu ya kawaida kwenye ofisi za shirika. Haikupokelewa. Mtu wetu mmoja aliyekwenda Nairobi kwa shughuli nyingine alipitia jengo lao, akarudi akisema mlango ulikuwa na kufuli, na bawabu alimwambia watu wote waliondoka, ila kuna chumba kimoja ndani ambamo kitu fulani hulia kila jioni, naye hana ufunguo.

Habari hiyo sikumpelekea baba. Kila nilipokwenda nyumbani mwisho wa juma aliniuliza, "Ameitika?" nami nikasema, "Bado." Alikuwa amekonda shingo. Alikuwa amekwisha kuuchagua mti ambao chini yake angependa kulazwa, na aliwaonyesha wazee, lakini hakuna aliyethubutu kuuliza ni nani angetupa udongo wa kwanza.

Nilifanya nilichopaswa kufanya mapema zaidi. Rafiki yangu wa chuo kikuu alikuwa mwalimu Kaaga, mjini Meru, katika shule iliyokuwa imejiunga na huduma ya kulipia. Nilichukua ruhusa, nikaizunguka milima upande wa Chuka hadi kwake. Kabla ya kuondoka niliipanga kompyuta ipige namba ile yenyewe kila jioni. Sikutaka jibu la kaka, kama lipo, linikose.

Rafiki yangu alinisikiliza huku akimenya ndizi. "Kwa hiyo muda huu wote umekuwa ukiandikia chumba kilichofungwa."

"Kilikuwa kinajibu."

"Wewe ndiye ulikuwa unatufafanulia falsafa bwenini?" Akanivutia kiti cha mbele ya kompyuta ya shule. "Keti, andika."

Barua ilikwenda kwa dakika moja, bila kilio. Nilirudi Embu siku nne baadaye, nikafika ofisini jua likizama. Wenzangu walikuwa wameondoka. Kompyuta ilikuwa imeanza kupiga, kama nilivyoiagiza. Nilisimama mlangoni nikisubiri kilio cha kawaida. Badala yake, kutoka kwenye spika ndogo ya modemu, akazungumza mwanamke.

"Hallo," akasema, taratibu, kama mtu anayegusa maji kwa kidole. "Hallo. Leo sema kitu."

Modemu yetu ilimjibu kwa mlio mfupi, kisha mwingine, kama kifaranga kilichoachwa na mama yake. Nikanyanyua mkonga wa simu.

"Samahani, mama," nikasema. "Hii ni ofisi, Embu. Ni kompyuta iliyokuwa ikipiga."

"Kompyuta," akasema. "Na inajuaje ni jioni?"

Nikamweleza. Nilimwomba radhi zaidi ya mara moja. Yeye akanieleza kwamba walikuwa wamewekewa simu nyumbani juma lile lile, namba wamepewa na watu wa simu, ile ile iliyokuwa ya shirika, na tangu siku ya kwanza, kila jua linapozama, inalia. Ukiipokea hakuna mtu, ila hicho kitu kinacholia kidogo, kinanyamaza, kinalia.

"Watoto wanakimbilia chumbani," akasema. "Lakini mama mkwe wangu ndiye huipokea. Anavuta kiti kabisa. Mwanawe mdogo alipotea miaka mingi iliyopita, hatukupata hata mwili. Anakaa na simu sikioni anakihadithia. Mambo ya nyumbani. Nani ameolewa, ng'ombe gani amezaa. Leo nimemtangulia kwa sababu ametoka. Kwa hiyo si yeye?"

"Si yeye, mama."

"Haya," akasema. "Mimi nitamwambia. Au nisimwambie. Lakini msipige tena."

Nilikata, nikauchomoa waya wa modemu ukutani, nikakaa bila kuwasha taa. Nilimfikiria yule mama mkwe akilisimulia sanduku letu habari za ng'ombe, na sanduku likimjibu. Nilijua sina haki ya kumshangaa.

Siku iliyofuata rafiki yangu akapiga simu kutoka Kaaga. Kaka alikuwa amejibu. Angepiga ofisini Jumamosi saa nne asubuhi. "Na anasema," rafiki yangu akaongeza, "kwamba ile barua yako ya kwanza aliijibu mwisho wa mwezi ule; aliogopa kupiga simu kabla hujamjibu kama baba amekubali kweli. Tangu hapo ameandika kila wiki. Kwake ilionyesha zimefika." Barua zake na zangu, basi, zilikuwa zimelazwa pamoja ndani ya chumba kile chenye kufuli, zikijibizana bila sisi.

Jumamosi baba aliletwa na gari la mradi, amevaa koti lake la kanisani, mkononi ana kibuyu kidogo cha maji yaliyokorogwa na asali. Tulimweka kwenye kiti cha mhasibu, karibu na simu. Ilipolia, baba alinizuia mkono nisiinyanyue. Ikaendelea kulia. Mhasibu alinitazama. Ndipo baba akasema, "Uliza ni nani."

Nikainyanyua, nikauliza. Kaka akalitaja jina lake, lote, la babu na la baba. Nikampa baba mkonga, nikainamisha kichwa changu karibu na chake, hivi kwamba niliyasikia yote.

Hawakusalimiana. Baba alipiga funda la maji ya asali, akayapuliza kwa wepesi juu ya simu, kama ambavyo angempulizia mtoto kifuani kumbariki.

"Mzee, simu ya kanisa hiyo," mhasibu akanong'ona, lakini alikuwa amevua kofia.

Baba alisema kwa Kimbeere, taratibu, akihema kati ya maneno: "Neno nililoliweka juu ya kaburi, nimeliondoa. Mkono wako uguse udongo wangu. Iwe hivyo."

Laini ilivuma kama upepo kwenye chupa. Halafu kutoka mbali sana, sauti nyembamba, ya kizee, iliyokwaruza, ikasema: "Iwe hivyo."

Ilikuwa sauti ya baba. Ilikwenda Ulaya ikarudi, kama simu za wakati ule zilivyozoea kufanya; mwangwi tu, uliochelewa na kuchakaa njiani. Baba akakauka. Mkono wake ulinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Kisha, baada ya pumzi moja, sauti nzito ya kaka ikaja, ikikatika kwa kilio: "Iwe hivyo, baba."

Baba akanirudishia mkonga, akafumba macho.

Nilipomaliza kuongea na kaka nilimkuta akitabasamu kidogo. "Mama," akasema, "umemsikia?"

"Nimemsikia kaka."

"Si huyo. Yule wa kwanza, mwenye jina." Akafuta midomo kwa leso. "Ndiye niliyekuwa nikimwogopa. Yeye ndiye aliyekosewa, si mimi. Ningewezaje kusamehe kwa niaba yake? Lakini mwenyewe ameitika. Ilikuwa ile sauti yake ya mwisho mwisho, ya kifuani."

Nilikuwa na maelezo. Nilikuwa nayo yote, ya setilaiti na umbali, na yalikuwa ya kweli. Nikamshika mkono tukatoka kwenda garini.

Alifariki mvua za kwanza zilipokuwa zikinyesha. Kaka aliwahi kufika. Alisimama ukingoni mwa kaburi akiwa na konzi ya udongo, akawatazama wazee, nao wakanitazama mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwapo. Mmoja akauliza kama neno liliondolewa na kama liliitikiwa. Nikasema liliondolewa, na liliitikiwa. Kaka akafungua mkono.

Sijawahi kumwambia kwamba jibu lake lilikuwa la pili.