Bibi wa Msimbu na Kisiwa cha Mluzi

Nakumbuka siku moja ya mvua kule Msimbu, mwanangu, na hadi leo mvua ya mchana ikinyesha moyo wangu haukai.

Nilikuwa nasomea ualimu wa historia. Nimekulia Kibaha, baba karani wa ofisi, majirani Wachaga, Wahaya na Wagogo, lugha yetu sote Kiswahili. Kizaramo cha bibi mzaa baba nilikijua cha salamu tu. Likizo moja nikaenda kwake Msimbu, nikamkuta anabangua korosho, nami, kama kijana yeyote aliyetoka chuoni, nikaanza kumwaga elimu.

Nikamhadithia Gomera, kisiwa cha Wahispania kilicho ng'ambo kidogo ya pwani ya Afrika. Watu wake wa kwanza walitoka Afrika ya kaskazini, na kwa kuwa nchi ile ni mabonde matupu, waliitana kwa mluzi uliobeba maneno ya lugha yao kutoka mlima hadi mlima. Wakaja Wahispania na mapanga, wenyeji waliosalia wakamezwa. Mluzi ukabaki, ila ukawa unapigwa kwa Kihispania. Lugha yao wenyewe ilikufa.

Bibi akaacha kubangua. "Huyo wa mwisho kuijua alikuwa anazungumza na nani?"

Chuoni hatukuulizwa hilo.

"Na wewe, mume wangu, huogopi?" Bibi zetu hututania hivyo wajukuu wa kiume. "Mume gani hajui mkewe anasema nini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Likizo iliyofuata homa ilimwangusha. Mchana huo wa mvua shangazi alikwenda kutafuta mganga wa zahanati, nikabaki naye peke yangu. Ghafla Kiswahili kikampotea chote. Ananitazama, macho yamemtoka, anarudia maneno yaleyale ya Kizaramo. Nikaleta maji, akatikisa kichwa. Nikamfunika kanga, nikafungua dirisha, nikalifunga tena. Sauti inazidi kufifia. Mwanangu, niliogopa. Niliogopa atakufa akiniomba kitu kilichomo humohumo chumbani, nami nimesimama kama gogo. Nikatoka mvuani nikipiga kelele.

Jirani yetu, Bi Mwajuma, akaja mbio, ametota. Akamwinamia, akasikiliza, kisha akanitazama kwa huruma.

"Anasema anaogopa, baba. Anataka umshike mkono."

Mkono tu! Nilishika kikombe, kanga na dirisha, mkono wake sikuushika. Nikaushika, naye akatulia. Shangazi aliporudi alitukuta vivyo hivyo, na bibi ameshakwenda.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, nami nilidhani ni maneno ya kukaripia watoto. Kule Gomera barabara na simu zilipoingia, mluzi nao nusura ufe. Nasikia siku hizi watoto wanafundishwa shuleni. Waliwahi. Kwetu midomo inayosema Kizaramo bado ipo, vijijini Marui na Chole, lakini haitusubiri. Usikae mjini ukangoja msiba ndipo uende. Nenda wazee wangali wazima, keti, uliza hiki kinaitwaje, kosea, wakucheke, hakuna aliyekufa kwa kuchekwa. Mimi nilijifunza kwa Bi Mwajuma, nikianza na maneno yale ya bibi. Njoo nikufundishe, mwanangu, maana nami nazeeka, na nami naogopa.

Mungu akupe umri mrefu, na siku utakayoogopa wewe, asikukoseshe mtu wa kukuelewa.