Hati Mbili za Kuzaliwa

Siku niliyokabidhiwa diploma ya uuguzi, ruhusa yangu ya kukaa Kalemie ilikufa. Sikuijua habari hiyo mpaka wiki moja baadaye, nilipoitwa kwenye biro ya uhamiaji na kuketishwa mbele ya mkuu wake, mwanaume wa sauti ya chini, koti lake la abakosti la kijivu limefungwa vifungo mpaka kooni.

"Citoyenne," alisema, yaani mwananchi, maana wakati ule wa Zaire ndivyo tulivyotakiwa kuitana. "Karte yako ya kukaa hapa imeandikwa mwanafunzi. Sasa umemaliza masomo, hauko tena mwanafunzi. Uko nini?"

"Niko muuguzi."

"Muuguzi wa Zaire ao wa Tanzania?"

 Nilizaliwa Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Nilipokuwa na miaka kumi na moja mama yangu alifariki, na mdogo wake aliyeolewa Kalemie akaja kunichukua. Nilisoma Kifaransa, nikaimba nyimbo za Chama asubuhi mbele ya bendera, nikalipa minerval, ile ada ya shule, kama wenzangu wote. Miaka minne ya shule ya uuguzi niliishi kwa karte ya mwanafunzi mgeni, ambayo masista wa shule walikuwa wakiihuisha kila mwaka bila mimi hata kuiona. Nilikuwa nimesahau kwamba mimi ni mgeni.

Mkuu akanieleza njia zilizokuwapo. Ningeweza kurudi kwetu, basi, mambo yakaisha. Ningeweza kuolewa na mwananchi. Au hospitali iniandikie mkataba na kuthibitisha kwamba kwa kazi ile hakuna Mzaire aliyeiomba; halafu nivuke ziwa na mkataba huo, nikaombe viza ya kazi kwa konsula wa Zaire kule Kigoma, maana viza ya kazi haitolewi mtu akiwa ndani ya nchi.

"Na kama nikivuka, nitarudi?"

"Ukipewa viza, utarudi."

Nilingojea aniombe kitu. Kila mtu alisema watu wa biro ile huomba kitu. Hakuomba, na hilo ndilo lililoanza kunitia wasiwasi. Nilipoinuka akafungua jalada la dosie yangu tena, akaitazama kidogo, akasema, "Kuna muntu alikuja hapa juu yako. Alileta karatasi."

"Nani?"

"Siwezi kukuambia. Lakini ile karatasi na zile za shule hazisemi neno moja. Enda ufikiri vizuri, urudi siku ya ine."

Nilitoka, jua la saa sita likiwa kichwani.

Hapa lazima nimtaje rafiki yangu. Tulikaa dawati moja miaka yote minne. Mama mdogo alipohamia Kabalo kumfuata mume wake aliyefanya kazi ya reli, mimi nilibaki Kalemie kwa sababu ya shule, na nyumba ya kina rafiki yangu ikawa nyumba yangu. Baba yake alikuwa katekista na seremala, wa kabila la Watabwa wa kando ya ziwa, mtu asiyepandisha sauti hata msumari ukimchoma. Tulilala kitanda kimoja, mimi na huyo binti, tukaulizana majina ya mifupa mpaka usingizi utuchukue.

Katika mtihani wa mwisho mimi nilikuwa wa kwanza, yeye wa pili. Na hospitali ilikuwa na nafasi moja tu ya muuguzi, kwenye wodi ya wazazi.

Nikitembea kutoka biro nilianza kuunganisha mambo. Mwezi mmoja kabla, rafiki yangu aliniomba cheti changu cha ubatizo. Alisema anataka kuona jinsi majina ya wazazi wangu yalivyoandikwa. Juu ya nini? Sikumwuliza wakati ule. Siku mbili tatu kabla ya kuitwa biro niliingia jikoni, yeye na baba yake wakakatiza mazungumzo, na baba akaanza kusifu mihogo. Mihogo yenyewe ilikuwa michungu. Tena mwanafunzi mwenzetu mmoja alikuwa ameniambia kwa kucheka, "Dada yako nimemuona anatoka kwenye biro ya wageni. Anataka kwenda Ulaya?" Nilicheka naye. Sasa sikucheka.

Nikajua, au nilidhani nimejua. Alikuwa amepeleka karatasi ya kunisema vibaya ili nifukuzwe, apate ile nafasi.

Siku tatu zilizofuata nilikaa katika nyumba ile kama askari anayelinda adui. Nilihesabu maneno yake. Akiniambia "kula," nilijiuliza kwa nini anataka nile. Akinyamaza, nilijiuliza anaficha nini. Vyeti vyangu nilivitoa kwenye sanduku tulilolitumia pamoja, nikavifunga kwa kitambaa na kuvifunga kiunoni, chini ya kikwembe nilichovaa, nikalala navyo mpaka vikajikunja. Mama wa nyumba aliuliza kama ninaumwa tumbo. Nilisema ndiyo. Rafiki yangu akanichemshia majani ya mpera. Nilisubiri atoke, nikayamwaga nyuma ya nyumba.

Alinikuta nikiyamwaga.

Alikuwa ameshika pasi ya makaa, alikuwa akinyoosha sare zetu zote mbili. Aliiweka chini taratibu.

"Siku tatu unaniangalia sawa na muizi," alisema. "Nimekuibia nini?"

"Uliza ile biro ya wageni."

Sura yake ilibadilika, na kwangu ule ulikuwa ushahidi wa mwisho. Nilimwambia yote: cheti cha ubatizo, mihogo, nafasi ya wodi ya wazazi. Nilimwambia kwamba kama alitaka ile kazi angeniomba tu, ningempa. Hilo lilikuwa uongo, nisingempa.

Baba yake alikuwa uani akipiga randa mlango. Aliacha kazi, akaja na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Haiko yeye aliyekwenda," alisema. "Niko miye. Yeye alinisindikiza."

"Papa, ulikwenda kusema nini?"

Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alisema walikuwa wamesikia kwamba karte za wanafunzi wageni hazitahuishwa. Basi wakakaa, yeye na mke wake na binti yake, wakakubaliana. Alikwenda kwa mkuu wa mtaa, akaandikisha hati kwamba mimi ni binti yake, nimezaliwa Kalemie, mikononi mwake. Akaipeleka biro ya uhamiaji mwenyewe. Majina ya wazazi kwenye ubatizo waliyatafuta ili waone kama yanaweza kulingana na ya ukoo wao. Hawakuniambia kwa sababu walijua ningekataa.

"Lakini Papa, weye uko katekista. Umeapa uongo."

Nilimwona akikasirika kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Hakupaza sauti.

"Nimesema uko mutoto yetu. Umekula kwangu, umelala kwangu, ulipougua malaria njo miye nilikubeba mugongoni mpaka hospitali. Ile njo uongo? Niambie ni neno gani la uongo."

 Rafiki yangu alikuwa amerudi kwenye pasi. Aliinyoosha sare yangu mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka juu ya mkeka bila kunitazama. Ya kwake aliiacha na mikunjo.

Ningependa kusema kwamba shaka yangu iliisha pale pale. Haikuisha. Hata usiku ule sehemu ya moyo wangu iliuliza: na kama ni hadithi waliyoipanga? Mtu akishaanza kuchungulia nyuma ya kila neno, jicho halirudi mahali pake upesi. Lakini jambo jingine liliniogofya zaidi. Mkuu alikuwa na hati mbili za kuzaliwa za mtu mmoja: ya Kigoma, iliyokuwa kati ya karatasi za shule, na ile ya mzee. Moja ikiwa ya kweli, nyingine ilikuwa kosa, na jina lililotiwa sahihi chini ya hati hiyo ya kosa lilikuwa la yule mzee. Nikikubali hati yake, ningekuwa Mzaire na kazi ningepata, ila ningeishi kila siku nikiogopa mtu wa Kigoma anayenijua. Nikiikataa, ningeweza kumpeleka jela mtu aliyenibeba mgongoni.

Siku ya nne nilirudi biro. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, nikayapoteza mlangoni.

"Nilizaliwa Kigoma," nilisema.

Mkuu aliweka kalamu chini. "Una hakika? Watu wanakuja hapa kunishawishi kama wao ni Wazaire. Hajawahi kuja muntu kunishawishi kama haiko Mzaire."

"Nina hakika."

"Na ile karatasi ya mzee?"

"Yule ni Papa yangu, amenilea. Alikwenda kusema niko mutoto wake. Aliyeandika 'amezaliwa' ni karani."

 Sijui kama aliniamini. Alichukua hati ya mzee, nikafikiri ataichana, nikafikiri ataniitia askari. Aliiweka kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo.

"Enda hospitali uombe mkataba," alisema. "Lakini haiko wa hapa mujini. Hapa Wazaire wameomba."

Daktari wa hospitali alikuwa mzungu, yeye mwenyewe mgeni kuliko mimi, lakini viza yake ililetwa na dereva pamoja na barua nyingine. Alikuwa na zahanati moja ambayo hakuna mhitimu aliyeitaka: Kiambi, mbali ndani, kwenye mto Luvua, mahali pa kufika kwa lori mpaka lori likatae, kisha kwa baiskeli. Alitia sahihi. Nafasi ya wodi ya wazazi akapewa rafiki yangu. Nilimsikia mtu akisema, "Umeona? Alimutoa ili aingie." Nilitaka kumjibu, nikakumbuka kwamba maneno hayo nilikuwa wa kwanza kuyafikiri.

Bado nilikuwa na safari ya kuvuka. Nilipanda meli nikiwa na hakika kwamba nimedanganywa: wamenitoa nchini kwa upole, mlango utafungwa nyuma yangu. Pale Kigoma afisa wa mpakani alisikiliza maneno yangu mawili, akageukia mwenzake na kucheka.

"Huyu Mzaire."

"Nimezaliwa hapa," nilisema.

"Ndiyo, ndiyo. Wote mnasema hivyo."

Niliitwa mwongo katika mji wa mama yangu kwa kusema jambo lile lile lililoniponza Kalemie. Nilikaa kwa kaka yangu, aliyebaki Kigoma nilipochukuliwa, wiki tano nikienda kwa konsula kila Jumatatu. Kila Jumatatu karani alisema, "Bado." Wiki ya sita alinirudishia pasipoti yangu bila neno. Nilisoma muhuri ule nimesimama, nikausoma tena nje juani: *kazi, mwaka mmoja*. Nilitafuta kosa katika herufi za jina langu. Halikuwepo, nikatafuta tena.

Rafiki yangu alikuja kunipokea bandarini Kalemie akiwa na sare ya kazi, nyeupe, mpya. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba msamaha wakati wote wa kuvuka. Nikaianza. Aliikata katikati.

"Ungeniuliza tu," alisema. "Neno moja. Ungeniuliza."

Kisha akachukua upande mmoja wa sanduku, mimi mwingine, tukapanda mpaka nyumbani. Tuliendelea kuwa marafiki, lakini tangu siku hiyo kila aliponipa kitu alinieleza kwanza ni kitu gani na kwa nini. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Kiambi nilikaa miaka mitatu. Wiki ya kwanza mwanamke mmoja alijifungua mtoto wa kiume, bila taabu, alfajiri. Nilikuwa nikimfunika alipouliza, "Muganga, uko mutu wa wapi?"

 Nilitazama mlango.

"Juu ya nini unauliza?"

Alinishangaa. "Mume wangu anakwenda mutoni kukuvulia samaki, ya kukushukuru. Anataka kujua kama kwenu munakula kambale. Wengine wana mwiko."

Nilimwambia tunakula.

"Basi," alisema, akafumba macho apumzike.